Nzi wa matunda na nzi wa jaani: Jina moja, lawama mbili

Msomaji mmoja wa safu hii, mama anayeuza matunda Kianda, Kibera, ameniletea swali ambalo nimeona lafaa kujibiwa hadharani. Anasema mteja alimrudishia embe lililoliwa nusu huku akifoka: "Mama, hii embe yako iko na funza! Nyinyi mnaacha tu nzi zinakaa kwa matunda." Mteja wa pili, aliyekuwa akisubiri chenji, akadai kuwa hao si funza, ni minyoo. Mwanawe mama huyo, mwanafunzi wa Gredi ya 6, akadakia kuwa mwalimu wao huwaita mabuu. Naye mama, kwa kutaka amani, akasema, "Ni mdudu tu, chukua ingine." Swali alilonitumia ni hili: "Prof, huyu mdudu anaitwa nani hasa? Na aliingiaje, maanake embe halikuwa na shimo?"

Hayo ni maswali mawili. La kwanza ni la lugha na la pili ni la elimu ya wadudu. Mimi ni mtu wa lugha, lakini nimegundua kuwa haliwezi kujibiwa moja pasipo jingine. Hoja yangu leo ni kwamba jina tunalomwita mdudu huyu kwa Kiswahili, jinsi linavyosikika masikioni mwa wengi, linamhukumu muuzaji kwa kosa ambalo hakulitenda, na papo hapo linamficha mkosaji mwenyewe aliye mbali, shambani. Jina likipotosha, kuna mtu anayelipa. Kianda anayelipa ni mama wa kibandani. Makueni ni mkulima anayenunua dawa isiyomfaa.

Tuanze na majina manne yaliyotajwa pale kibandani.

"Mdudu" si jina la kiumbe yeyote mahususi. Ni neno la jumla, na katika Kiswahili cha mitaani limekuwa kapu la kutupia kila tusichotaka kukijua: kiroboto, nge, siafu, hata kirusi cha ugonjwa. Mtu akikuambia ana mdudu, hujui umpeleke hospitalini au umpe ufagio. Neno hili linatuliza ugomvi, lakini halifundishi kitu.

"Funza" lina kisa kirefu zaidi. Kwa Mkenya wa leo, funza ni yule kiroboto anayejichimbia katika vidole vya miguu, ambaye pia huitwa tekenya. Tumefanyiwa kampeni za kumwangamiza kwa miaka mingi, na neno lenyewe limebeba aibu ya umaskini. Kumwambia muuzaji kuwa embe lake lina funza ni karibu sawa na kumtusi. Hata hivyo, ukifungua kamusi zetu utakuta funza ana maana nyingine, ambayo naamini ndiyo kongwe: mtoto wa nzi au wa mdudu mwingine anayepatikana ndani ya nyama, shina au tunda. Sababu ya kuamini hivyo ni ya kihistoria. Kiroboto huyo wa vidoleni si mwenyeji wa Afrika. Alitoka Amerika Kusini akafika Angola mwaka wa 1872 katika meli iliyotoka Brazil, kisha akasafiri na misafara na majeshi kuvuka bara hadi pwani ya Bahari ya Hindi kabla karne hiyo haijaisha. Mgeni wa juzi kama huyo hawezi kuwa ndiye aliyezaa neno la Kibantu. Alilikuta likiitwa mtu mwingine, akalivaa. Basi mteja aliyesema "funza" hakukosea kikamusi. Kosa lilikuwa katika masikio ya sisi wengine, ambao tumesahau maana ya kwanza.

"Minyoo" ndilo jina lililokosewa kabisa. Mnyoo ni mnyoo maisha yake yote. Hana miguu, hana mbawa, wala hatakuwa navyo. Kiumbe aliye ndani ya embe yuko katika utoto wake, na baada ya wiki kadhaa atakuwa na mbawa mbili na kuruka. Wazazi wanaoamini kuwa mtoto akila embe lenye huyo mdudu ataota minyoo tumboni wanaogopa jina tu. Kinyaa ni haki yao. Hofu hiyo haina msingi.

Jina lililo sahihi ni lile la mtoto wa Gredi ya 6: buu, wingi mabuu. Umbo lake ni la ngeli ya LI-YA, ila kwa kuwa ni kiumbe chenye uhai tutasema buu huyu na mabuu hawa, kama tunavyosema kiwavi huyu na viwavi hawa. Lakini hata hapa hatujasalimika. Nimesoma vipeperushi vya kilimo, vingine vya kwetu na vingine vya Tanzania, ambamo buu ni yule mtoto mweupe aliye tundani. Nimesoma vingine ambamo buu ni yule aliyekwisha kula, akaingia udongoni, akajifunika ganda la rangi ya kahawia, akalala akisubiri kuota mbawa. Hizo ni hatua mbili tofauti za maisha. Mkulima akiambiwa kuwa mabuu hukaa udongoni, naye amewaona kwa macho yake ndani ya embe, atamwamini nani?

Wengine, kwa kukwepa utata huo, hukopa istilahi ya kisayansi na kumwita huyu wa udongoni pupa. Nami hucheka kila ninapokutana nayo. Pupa kwa Kiswahili ni haraka ya mlafi, na methali yetu husema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kiumbe aliyelala kimya siku kumi bila kula wala kusogea tumpe jina la pupa? Neno bundo limewahi kutumiwa kwa hatua hii, nami naliunga mkono. Tuwe na yai, buu, bundo, kisha mdudu kamili. Kila hatua na jina lake.

Sasa tumtafute mama wa buu. Mama yake ni nzi.

Neno nzi ni la kale sana. Katika Gikuyu nzi huitwa ngi, na kwa mwanaisimu majina haya mawili ni ndugu wa tumbo moja: sauti /g/ ya lugha mama ya Kibantu, ilipofuatwa na irabu ya juu kabisa, iligeuka /z/ katika Kiswahili, ilhali Gikuyu imeihifadhi. Wasomaji wengine huniuliza kama ni nzi au inzi. Yote mawili yanatumika. Nzi ni neno la silabi mbili, n-zi, na mkazo huangukia ile n ya mwanzo, jambo ambalo ndimi nyingi huliona gumu. Ndipo baadhi yetu tukaipa hiyo n mkongojo wa i na kusema inzi. Mimi hupendelea nzi, kama ninavyosema nta, nge na nchi. Wingi wake pia ni nzi. Vijana wa Nairobi wanaopenda kubandika ma- katika kila wingi wajihadhari hapa, kwa kuwa manzi katika Sheng ni mtu mwingine kabisa, na hatafurahi.

Katika fikira za Waswahili, nzi hana sifa njema. Methali inamtuma afie juu ya kidonda, na kwa kuwa ni mapenzi yake si haramu. Tunaambiwa tumfuate nyuki tule asali, na wenye mzaha huongeza kuwa ukimfuata nzi atakufikisha chooni. Neno lenyewe, basi, linanuka uchafu kabla hujaliongezea chochote. Hilo ndilo tatizo. Nzi aliye mama wa buu wa embe ni tofauti kabisa na nzi wa chooni. Ni wa ukoo mwingine wenye maisha mengine, na hana haja na jaa la taka wala mtaro wa maji machafu.

Mvamizi mkuu wa maembe yetu leo anaitwa na wanasayansi Bactrocera dorsalis. Ana ukubwa unaokaribia wa nzi wa nyumbani, lakini mwili wake ni mweusi na hudhurungi wenye michirizi ya manjano, na ukimwona akitambaa juu ya tunda waweza kudhani ni nyigu mdogo. Jike ana mrija mkali nyuma ya tumbo. Hutua juu ya embe lililopevuka au linaloanza kuiva, lingali linaning'inia mtini, akadunga ganda na kutaga mayai chini yake. Kidonda chenyewe ni kama alama ya ncha ya sindano. Hufunga, na mnunuzi halioni. Kwa siku moja au mbili za joto mayai yameanguliwa. Mabuu hula nyama ya embe kwa muda wa wiki moja hivi au zaidi kidogo, kisha hutoka, huingia udongoni sentimita chache tu, na huko huwa mabundo. Baada ya siku kumi hivi nzi wapya hutoka. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake.

Hapo ndipo jibu la swali la pili lilipo. Embe halikuwa na shimo kwa sababu buu hakuingia. Alizaliwa humo. Tunda lilichumwa Makueni au Machakos likiwa na mayai ndani, likapakiwa katika kreti, likashushwa Marikiti alfajiri, likanunuliwa na kubebwa hadi Kianda, na muda wote huo mabuu walikuwa wakikua. Mama wa kibandani angeosha embe kwa sabuni, akalifunika kwa neti na kulipangusa kila saa, mabuu wangekuwamo vilevile. Aliyemwambia kuwa anaacha nzi wakae juu ya matunda amemtwika mzigo uliofungwa mbali na pale.

Lakini mteja huyo ametoa wapi wazo lake? Nadhani amelitoa katika lugha. Tunamwita mdudu huyu "nzi wa matunda". Hebu tulipime jina hilo. Kihusishi -a cha Kiswahili hubeba maana nyingi. Mbwa wa polisi ni mbwa anayemilikiwa na polisi. Samaki wa maji baridi ni samaki anayeishi humo. Nzi wa chooni ni nzi anayeonekana chooni. Sasa msikilizaji wa kawaida, ambaye kila siku huona nzi wa nyumbani wakitua juu ya vipande vya tikiti na nanasi vilivyokatwa, akisikia nzi wa matunda atafikiria nini? Atafikiria nzi wale wale anaowajua, waliohama kutoka mtaroni wakaja mezani. Jina halimpi sababu yoyote ya kuwaza mdudu mwingine. Limetafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza na kuachwa lijitetee lenyewe.

Nisieleweke vibaya. Nzi wa jaani juu ya matunda yaliyokatwa ni hatari ya kweli. Miguu yake hubeba viini vya kuhara na kipindupindu, na muuzaji asiyefunika vipande vyake anastahili kuambiwa. Lakini hilo ni shtaka jingine, na mshtakiwa wake ni mwingine. Tunapotumia neno moja kwa wote wawili, tunafanya makosa mawili kwa mpigo. Tunamlaumu muuzaji msafi kwa buu aliyetoka shambani. Na baadhi ya wauzaji, wakishajua kuwa buu si kosa lao, watadhani kuwa nzi wote ni wa kusingiziwa tu na kuacha matunda wazi.

Kuna udhaifu wa pili katika jina hili. Wako vinzi vingine, vidogo mno, vyenye macho mekundu, vinavyozunguka juu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Hivyo ndivyo vilivyomsaidia Thomas Hunt Morgan kueleza kazi ya kromosomu katika urithi, na mwaka wa 1933 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Kiingereza huviita kwa jina lile lile la nzi wa matunda, nasi tukafuata. Matokeo yake ni kuwa mwanafunzi wa bayolojia anasoma juu ya nzi wa matunda katika somo la urithi, baba yake anasoma juu ya nzi wa matunda katika kipeperushi cha kilimo, na wote wawili hawajui kuwa wanasoma juu ya viumbe tofauti. Vinzi hivi vya maabara havidungi embe zima mtini. Vinafuata chachu inayoota katika tunda lililooza au kupasuka. Vinakuja msiba ukishatokea, ilhali yule mwingine ndiye aliyeuleta.

Hata kitenzi kimechafuliwa. Takriban kila habari niliyoisoma kuhusu jambo hili husema kuwa nzi wa matunda "hushambulia" au "hula" matunda. Kushambulia ni kitenzi cha vita na cha soka, hakisemi kilichotendeka. Na kula ni uongo kabisa, kwa kuwa nzi aliyekomaa halitafuni embe. Yeye hulamba vitu vya sukari na protini huku na huku, na jike huhitaji protini ndipo mayai yake yakomae. Alaye embe ni mtoto. Mama hudunga na kutaga. Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Mkulima anayeamini kuwa anapambana na mdudu alaye embe atamwaga dawa juu ya embe, akidhani atamfikia, kumbe buu yuko ndani, mbali na tone la dawa. Mkulima anayejua kuwa jike anahangaikia protini atamtegea chambo cha protini chenye sumu kidogo, akamwua kabla hajataga. Kitenzi kimoja kinaweza kuokoa msimu mzima.

Wanasayansi nao wasijione wametakasika katika suala la majina. Nzi huyu alipogunduliwa nchini Kenya mwaka wa 2003 na watafiti wa ICIPE, kituo kile cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970 hapa Nairobi, hakuna aliyekuwa na hakika ni nani. Mwaka wa 2005 alipewa jina la Kilatini Bactrocera invadens, yaani mvamizi, na ikadhaniwa kuwa ni spishi mpya yenye asili ya Sri Lanka. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 2015, wataalamu walichapisha ushahidi kuwa mvamizi huyo ni yule yule Bactrocera dorsalis wa Asia aliyeelezwa tangu 1912. Jina la mvamizi likafutwa. Wakati huo huo, biashara ilikuwa imekwisha kuumia: mwaka wa 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe mauzo ya maembe kwa Umoja wa Ulaya kwa sababu ya mabuu waliokuwa wakinaswa katika shehena, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi 2021.

Yuko nzi mwingine wa ukoo huo, Ceratitis capitata, ambaye Wazungu walimpa jina la Bahari ya Mediterania, ingawa asili yake inaaminika kuwa ni Afrika, kusini mwa Sahara. Kwa nini Mediterania? Kwa sababu huko ndiko alikoharibu machungwa yao. Anayetoa jina hutoa pia mahali aliposimama alipolitoa. Nasi tuna haki ya kusimama mahali petu.

Kiswahili, kikiachwa kijitafutie, hakishindwi na kazi hii. Kiingereza kimembebesha nzi, kipepeo, kereng'ende na kimulimuli mzizi mmoja wa neno. Kiswahili kilimpa kila mmoja jina lake. Hata miongoni mwa wale ambao sayansi inawaweka katika kundi moja la wadudu wenye mbawa mbili, sisi tuna mbu, usubi, mbung'o na nzi, na hakuna mchungaji atakayemchanganya mbung'o na nzi, maana mmoja huua ng'ombe wake na mwingine humkera tu. Wazee walipa jina kulingana na kazi ya mdudu.

Wakulima wa siku hizi hawajapoteza kipawa hicho. Yule mdudu anayesaga mahindi ghalani yakawa unga, aliyeingia Tanzania kutoka Amerika ya Kati karibu na 1980, aliitwa rasmi dumuzi, lakini wakulima wa Tanzania wakamwita Scania kwa nguvu zake za lori, na wa Kenya wakamwita Osama. Nondo wa nyanya aliyetufikia mwaka wa 2014 kutoka Amerika Kusini anaitwa Tanzania kantangaze, yaani nenda ukanitangaze, kwa jinsi anavyomaliza shamba hadi mwenye shamba akawa mpiga mbiu. Na Waswahili wa pwani walimwita yule chungu mwekundu anayeshona majani ya miembe na minazi maji moto, kwa kuwa akikuuma unahisi umemwagiwa. Jina hilo limebeba tabia ya mdudu na onyo lake. Tena maji moto ni rafiki wa mwembe: nzi jike hukwepa kutaga pale chungu hao wanapozunguka.

Kwa nini basi nzi huyu wa maembe hakupata jina la wananchi? Nadhani ni kwa sababu ya maumbile yake. Jina la wananchi hutokana na kile jicho linachokiona. Dumuzi huacha unga, na kantangaze huacha majani yaliyokauka. Nzi huyu hudunga kimya akaenda zake, na mkulima huona tu embe lililoanguka. Mlaji wa Kianda huona buu, lakini hajamwona mama. Mama na mtoto hawajawahi kuonekana pamoja na watu wale wale, kwa hivyo hakuna aliyewaunganisha kwa jina. Kazi hiyo ya kuwaunganisha ni yetu sisi waandishi, walimu, wanahabari na maafisa wa kilimo, na ndiyo ambayo hatujaifanya.

Pendekezo langu ni hili. Yule anayetaga katika tunda lililo mtini tumwite nzi mdunga matunda, kwa muundo ule ule wa mtema kuni na mpasua mbao. Jina linataja kitendo chake, na anayelisikia kwa mara ya kwanza atajua kuwa huyu si nzi wa kutua tu. Vile vinzi vya maabara na ndizi mbovu tuviite nzi wa chachu, maana chachu ndiyo inayoviita. Na yule wa nyumbani, wa jaani na chooni, abaki nzi. Kamati za istilahi zikiona kuwa nzi wa matunda limekwisha kuzoeleka kiasi cha kutong'oka, sitalia. Majina hayalazimishwi na maprofesa. Lakini basi lisitumiwe peke yake, bila maelezo ya nani, wapi na vipi.

Nitoe mfano wa kurekebisha. Sentensi ya aina hii imejaa katika maandishi yetu: "Nzi wa matunda ni wadudu waharibifu wanaoshambulia matunda na kuyafanya yaoze." Kisarufi haina kosa. Kimaana haimsaidii mtu yeyote. Haisemi nzi yupi, haisemi wapi, na hilo neno "yaoze" linamfanya msomaji aamini kuwa uozo ndio ulioleta mabuu. Linganisha na hii: "Nzi mdunga matunda hutaga mayai chini ya ganda la embe likiwa bado mtini. Mabuu hula embe kutoka ndani. Embe likianguka, mabuu hutoka na kuingia udongoni, wakawa mabundo, kisha nzi wapya. Okota kila embe lililoanguka, ulifunge ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani, au ulifukie kwa kina kikubwa, kabla mabuu hawajatoka."

Sentensi zimekuwa nyingi zaidi, lakini hakuna neno gumu hata moja, na mkulima aliyezisoma anajua la kufanya asubuhi inayofuata. Anajua pia kwa nini kuliacha embe bovu chini ya mti, au kulitupa juu juu kwenye shimo la mbolea, ni kuwalea maadui wa mwakani. Zibandikwe katika ofisi za kilimo huko Makueni na Machakos. Zisomwe redioni wakati maembe yanapoanza kupevuka. Nakala moja ibandikwe Kianda pia, na nyingine Kawangware, mahali ambapo wateja wataiona kabla hawajaanza kufoka.